Mwizi wa Shampuu

Katika mtaa wa Tivolí, mjini Santiago, maji yakifunguliwa hakuna anayebaki kitandani. Jumamosi ile Yaneisi aliamka aliposikia ndoo zikigongana uani. Akachukua taulo na chupa yake ya shampuu, akawahi bombani. Ua ule ulikuwa wa familia mbili. Upande mmoja aliishi Yaneisi na baba yake Wilfredo na bibi yake Zenaida. Upande wa pili waliishi Mama Mirtha, mtoto wake mchanga, na binti yake Daimara ambaye alisoma darasa moja na Yaneisi.

Alipoinua chupa, aliiona nyepesi. Shampuu ile aliletewa na shangazi yake kutoka Uhispania, na madukani kitu kama hicho hakikuonekana ila kwa bahati. Yeye alikuwa ameitumia mara moja tu, lakini sasa ilikuwa nusu.

Alimuuliza bibi. Bibi Zenaida akasema mvi zake zimezoea sabuni ya kufulia, hajui mambo ya manukato. Baba alikuwa chini ya gari, miguu tu ikionekana, akajibu kutoka huko huko kwamba ana kazi, asisumbuliwe.

Gari lenyewe lilikuwa la kijani, kubwa, la tangu ujana wa babu, na ndilo lililowalisha, kwa maana Wilfredo alibeba abiria. Kwa miaka mingi breki zake zilikuwa za kubembelezwa. Ilibidi azikanyage na kuzikanyaga tena ndipo gari lisikie. Mwezi ule alikuwa amelifungia diski za breki alizozitoa kwenye gari la Kirusi lililokufa, na mtaa mzima ulikuwa umechoka kusikia habari hizo. Sasa akigusa tu, alijisifu, gari linasimama kama nyumbu aliyekataa kwenda.

Basi Yaneisi akabakiwa na mtu mmoja wa kumshuku. Daimara alikuwa na nywele nyingi, na siku hizo zilikuwa ziking'aa. Mlango wa bafu la uani haukuwa na kufuli. Kwa Yaneisi ushahidi huo ulitosha kabisa.

Akaanza kumchunguza. Darasani alihamia dawati la nyuma yake ili amnuse kichwa. Daimara akicheka na wenzake, Yaneisi aliamini anachekwa yeye. Daimara alipomkatia kipande cha mkate wake wenye jemu ya mapera, Yaneisi aliona anahongwa, akakataa. Shuku ikishaingia moyoni, hata wema huonekana hila.

Jumatano jioni, watu wazima wakinywa kahawa uani, uvumilivu ulimwishia.

"Daimara, siku hizi unaoshea nini nywele?"

"Shubiri. Mama hunisagia. Kwani vipi?"

"Shubiri hiyo imetoka Uhispania?"

Mama Mirtha akaweka kikombe chini, akasema taratibu kwamba nyumbani kwake kuna shida, lakini wizi haujawahi kuingia. Bibi Zenaida alimkemea mjukuu wake na kumtaka aombe radhi. Yaneisi akatazama pembeni. Wilfredo peke yake hakutia neno, aliinama akafunga upya kamba za viatu ambazo hazikuwa zimefunguka. Tangu siku hiyo Daimara hakuja bombani Yaneisi akiwapo.

Badala ya kuona haya, Yaneisi alizidi kukasirika. Aliamua kumtegea mwizi mtego. Katika kisanduku cha dawa cha bibi mlikuwa na ile dawa ya zambarau ya kupaka vidonda, ambayo ikikushika haitoki upesi. Akaimimina yote kwenye shampuu, akatikisa. Chupa ilikuwa nyeupe isiyoonyesha ndani, kwa hiyo kwa nje hakuna kilichobadilika. Akairudisha mahali pake, akangoja kuona kichwa cha zambarau kikipita uani. Usiku wa kuamkia Jumapili umeme ulikatika, na asubuhi chupa ilikuwa karibu tupu. Yaneisi alitabasamu.

Jumapili hiyo Mama Mirtha alikuwa anampeleka mtoto wake kubatizwa kijijini kwao, ng'ambo ya mlima Boniato. Kabla ya ugomvi Wilfredo alikuwa ameahidi kuwapeleka, na siku kama hiyo usafiri mwingine ungepatikana kwa taabu. Bibi Zenaida alipanda mbele na kapu la mihogo. Mama Mirtha akaketi nyuma na mtoto kifuani, na Daimara pembeni yake, uso ameugeuzia dirishani.

Yaneisi alikuwa bado amesimama nje. Alikichunguza kichwa cha Daimara kupitia dirishani, akatazama nyuma ya masikio, kwenye kola ya gauni jeupe, na kwenye kucha. Hakuona hata doa. Akahisi vibaya, asijue kwa nini. Ndipo alipoinamisha macho akaona tone la zambarau juu ya jiwe la barabara, karibu na gurudumu la mbele. Tone lingine likadondoka palepale. Upande wa ndani wa gurudumu ulikuwa unachirizika zambarau tupu.

Akainua macho. Baba yake alikuwa ameshika usukani, na vidole vyake viwili vilikuwa na rangi ile ile.

Akiwa kimya, hakuna atakayejua kitu. Akisema, baba yake ataaibika mbele ya majirani, na yeye mwenyewe ataonekana mzushi. Lakini barabara ya Boniato aliijua vizuri, zile kona zake na korongo lake lisilo na ukingo. Akamtazama mtoto mchanga aliyelala kifuani mwa mama yake. Injini ilikuwa inanguruma tayari. Alikwenda akasimama mbele ya gari.

"Baba, zima gari."

"Panda, mwanangu, padri hatatungoja."

"Umetia shampuu yangu kwenye breki."

Wilfredo akacheka, ila kicheko hakikufika mbali. "Nani kakwambia upuuzi huo?"

"Vidole vyako."

Bibi Zenaida akaishika mikono ya mwanawe, akaitazama, kisha akamwambia akanyage breki. Wilfredo akakanyaga. Pedali ikazama mpaka chini bila ubishi wowote, na kwenye gurudumu zambarau ikaruka, ikalowesha jiwe. Akakanyaga tena, ikawa vilevile. Akazima injini, akabaki ameshika usukani.

"Kikulacho ki nguoni mwako," bibi alisema kwa sauti ndogo.

Ikabidi Wilfredo aseme. Mafuta ya breki yalikuwa hayapatikani, naye alikuwa ameshamtangazia kila mtu kwamba gari limepona, akaona haya kuliegesha. Madereva wengine wakikwama hutia sabuni, na kwa vilima vifupi vya mjini aliona shampuu inafaa. Usiku ule umeme ulipokatika akaongeza nyingine gizani, asione rangi yake; asubuhi akadhani vidole vimeshika uchafu wa gari tu.

"Nilijua hatari yake," alisema. "Sabuni hula mipira, na ndani yake mna maji. Mteremkoni breki zikipata moto, maji yanachemka, unakanyaga mvuke mtupu. Nilijua, nikajidanganya kwamba leo tutafika salama."

Kisha akageuka nyuma. "Daimara, mwizi ni mimi. Jumatano nilikusikia ukisingiziwa, nikajifanya nafunga viatu. Nisamehe, binti yangu."

Yaneisi naye akasogea dirishani, machozi yanamtoka. Alimwambia Daimara kwamba amemkosea sana, na kwamba hata ile dawa aliitia ili amwaibishe yeye.

"Ulininusa kichwa darasani," Daimara alisema. "Kila mtu aliona."

"Kesho nitawaambia wote ukweli."

"Utawaambia nikiwepo," Daimara akajibu, akafungua mlango akashuka. Familia yake iliondoka kwa lori la abiria, ikachelewa kanisani, lakini mtoto akabatizwa.

Yaneisi alitimiza neno lake darasani, Daimara akiwapo. Gari lilikaa bila kutembea mpaka Wilfredo alipopata mafuta halisi ya breki. Alisafisha mabomba yote, akabadilisha mipira iliyolika, akalijaribu gari tupu mlimani kabla ya kumpakia mtu. Siku alipowaalika majirani kwa safari ya kwanza, Mama Mirtha alikuja na mtoto wake, lakini hakupanda mara moja.

"Wilfredo, diski zako nilikuwa naziamini," alisema. "Aliyetaka kutuua ni ukimya wako. Mtu mzima akificha kosa lake, mtoto wake huenda kumtafuta mwizi kwa jirani." Akamgeukia Yaneisi. "Na wewe, ulipokosa ushahidi ulimsema Daimara mbele ya watu wote. Ulipoupata ushahidi, ukaona ni baba yako, kama ulivyokiri mwenyewe, nusura unyamaze. Ulisema, ndiyo maana mwanangu yuko hai. Safari nyingine, pima kwanza kabla ya kumtaja mtu. Na ukishapima, usichague wa kumtaja."

Akampa Yaneisi mtoto amshike, akapanda.