Ambalo Podikasti Haikumwambia Ezra

"Umeling'oa wewe!"

"Mimi? Mimi Mama Denis ning'oe isale alilopanda marehemu mkwe wangu kwa mikono yake? Mzee Leonce, leo umeamkia mbege?"

"Mbege saa nne asubuhi? Wewe ndiye unayepika, wewe ndiye unayejua inanywewa saa ngapi."

"Haya, nitukane! Nitukane majirani wasikie! Mtu anang'oa mpaka wa watu kisha anatangulia kupiga kelele."

Majirani walikuwa wanasikia vizuri kabisa. Wanne walishajipanga kwenye migomba, mmoja amekuja na kikombe chake cha chai, maana ugomvi wa mpaka hapa Uru haumalizwi haraka. Kati ya kihamba cha Mzee Leonce na cha Mama Denis, mashamba ya migomba ya urithi, kuna mstari wa masale, majani marefu ya kijani yanayosimama wima kama askari. Wachagga hawaweki jiwe mpakani, wanapanda isale. Na asubuhi hiyo, katikati ya mstari, palikuwa na pengo na shimo bichi.

Hatua kumi kutoka hapo, kwenye njia, alisimama kijana mgeni. Shati jeupe limepigwa pasi mpaka lina kona, suruali ya kaki, viatu vimejaa tope jekundu. Mkono wa kulia alikuwa ameuficha nyuma. Na mkononi humo alishika isale zima, na mizizi yake, na udongo bado unadondoka.

Anaitwa Ezra. Tumwache hapo kwanza, hana pa kukimbilia.

Ezra ana kibanda Mbuyuni sokoni, mjini Moshi, kati ya muuza mitumba na mama wa dagaa, anawawekea watu nyimbo kwenye simu na fleshi. Januari iliyopita, siku ya soko, watu wanakanyagana, alifika dada mmoja mwenye sketi ya kitenge ya njano na bluu, imekaa kiunoni kama imemiminwa. Shingoni alikuwa na tepu ya kupimia nguo.

"Habari ya kazi, kaka. Niwekee nyimbo."

"Nzuri, dada. Za aina gani?"

"Zozote, ila zisiwe za kulia kuachwa. Mimi nashona kutwa. Wimbo ukiniingia sana nashona mkono wa gauni mahali pa shingo."

Ezra akacheka. "Basi nyimbo hazikufai. Wewe unahitaji watu waongee."

"Waongee? Kwa shangazi yangu watu wanaongea tangu saa mbili asubuhi!"

"Hawa wa kwangu ukichoka unawazima."

Akamwekea podikasti nne. Moja ya muziki, mzee anaeleza magitaa ya bendi za zamani. Moja ya kazi, watu wanasimulia walivyoanza. Moja ya mila na desturi. Na moja ya kujijenga, ya mshauri mwenye sauti kama chai iliyozidi sukari.

"Ila sikiliza mpaka mwisho," alimwambia. "Watu wengi wanakata katikati, halafu wanasema hawakuelewa."

"Sawa, mwalimu."

"Na dada, umetoka na tepu."

"Najua," alisema. Hakujua.

Siku ya tatu simu ya Ezra ikaita.

"Ni mimi, Aika. Yule wa tepu. Umeniharibia maisha."

"Nimefanya nini tena?"

"Yule mshauri wako anasema nijifunze kukataa mambo matatu kila wiki. Leo nimekataa kumpasia shangazi nguo za kanisani, nimekataa maharage, na limebaki moja."

"Lipi?"

"Nakusubiri uniombe kitu nikukatalie."

"Njoo Jumamosi tunywe soda."

"Mwone! Hilo nitalikataa wiki ijayo."

Ndivyo walivyoanza. Mchana kila mmoja alisikiliza kazini kwake, yeye kwenye cherehani, Ezra kibandani, jioni wakapigiana simu kubishana. Aika alipenda wanaosimulia kazi zao, hasa mama mmoja aliyeanza na cherehani ya kuazima. Ezra alipenda magitaa. Aika akimwita "mwalimu", Ezra akimwita "tepu wangu", na kufika Pasaka mama wa dagaa alikuwa ameshawaozesha mara mbili kwa maneno yake mwenyewe.

Ezra naye akaanzisha podikasti yake. Alirekodia chumbani kwake Njoro, amejifunika blanketi na kitabu cha maswali, jasho linamtoka, kwa sababu mwenye nyumba ana jogoo asiyejua saa. Wasikilizaji walikuwa arobaini, wengine ndugu zake.

Kisha Jumapili moja Aika akamtumia ujumbe wa sauti, dakika saba. Alikuwa anaongea huku anatembea, pumzi zinasikika. Alisema anataka kufungua duka lake mwenyewe kabla ya Krismasi. Kwamba shangazi Salvina ndiye aliyemfundisha kushika mkasi, lakini miaka sita sasa yeye Aika hajawahi kukata gauni kama alivyoliona kichwani, shangazi anakata kama bado ni miaka ya themanini. "Nitamwambia mwenyewe," alimalizia. "Tukishamaliza nguo za komunio. Nitampelekea kitenge kizuri, nitapiga magoti, nitamwambia taratibu. Usicheke."

Ezra hakucheka. Alisikiliza mara tatu. Hakuna podikasti iliyowahi kumwingia vile. Basi akafuta jina la Aika, akaweka gitaa kidogo mwanzoni, akaurusha Jumanne kama kipindi cha podikasti yake. Alitaka kumshtukiza mpenzi wake.

Akamshtua kweli. Alhamisi, mteja mmoja alikuwa anajaribu gauni dukani kwa shangazi Salvina, simu yake iko mezani inaongea. Salvina amepiga magoti anakunja pindo, pini zimejaa mdomoni. Sauti ikatoka kwenye simu, nyororo, na gitaa nyuma yake: shangazi anakata kama bado ni miaka ya themanini.

Salvina akatoa pini mdomoni, moja moja, mpaka ya mwisho.

"Hiyo sauti naijua," alisema. "Nimeilea."

Aika alikuwa ameshika pasi. Akaiweka chini, akatoka nje, akapiga simu.

"Ezra, umefanya nini?"

"Umekisikia? Mpenzi, watu mia tatu wamesikiliza! Kuna dada wa Arusha kaandika kwamba..."

"Watu mia tatu. Shangazi yangu ni mmoja."

"Lakini sikutaja jina lako."

"Na sauti yangu umeificha wapi?" Hakupiga kelele. Ezra angependa apige. "Ningemwambia mwenyewe, Ezra. Kwa mdomo wangu, na kitenge mkononi. Umeninyang'anya hilo."

Simu ikakatika. Tangu hapo ikawa inaita tu. Ezra akakifuta kipindi siku ile ile, lakini neno likishafika sokoni halifutiki. Mama wa dagaa, ambaye habari zote hupumzikia kwake, ndiye aliyemwambia kwamba binti amepanda kwao Uru.

Siku tisa Ezra aliwawekea watu nyimbo wasizoziomba. Ya kumi, kwenye podikasti ya mila, akamsikia mzee wa huko juu mlimani: "Mchagga hata akasirike namna gani, ukimletea isale, hana ruhusa ya kukukatalia msamaha. Hana."

Ezra akachomoa spika za masikioni hapo hapo akaenda kutafuta pasi. Yeye aliyewahubiria Moshi nzima wasikilize mpaka mwisho! Angengoja dakika mbili angesikia yaliyobaki: kwamba unapeleka jani, si mti, kwamba jani linafungwa fundo, na kwamba isale la mpakani haliguswi na mtu, hata mwenye shamba.

Akashuka garini Uru Jumamosi asubuhi, akaulizia kwa Mzee Leonce, baba yake Aika, akaonyeshwa. Na kabla ya kufika, bahati gani hii, akaona masale mstari mzima! Akachagua nono kuliko yote. Akawaza kosa lake ni kubwa, jani moja litatosha wapi? Akalivuta kwa mikono miwili.

Hajafika hata mlangoni, ugomvi ukalipuka nyuma yake.

"Twende kwa mwenyekiti!" Mzee Leonce alikuwa anasema. "Leo leo!"

"Twende! Hata kwa Askofu twende! Miaka thelathini tumeishi hapa, nikikuazima chumvi, ukiniazima moto, leo mimi ni mwizi wa ardhi?"

Mama Denis sauti ilimkatika. Hapo majirani kwenye migomba wakaacha kutabasamu. Hili halikuwa la kuchekesha tena.

Aika akatoka jikoni, khanga kiunoni, mikono myeusi kwa utomvu wa ndizi. Akawaona baba yake na Mama Denis. Kisha akamwona Ezra.

Pembeni ya Ezra palikuwa na mfereji, maji yanakwenda kasi. Kuachia vidole tu, isale lingeshuka lenyewe mpaka Mabogini kwenye mpunga, asijue mtu. Na akisema, baba wa Aika atamjua kwa mara ya kwanza kama mng'oa mipaka. Nani anampa binti yake mng'oa mipaka?

Akasogea mbele.

"Shikamooni."

"Marahaba," wakaitikia wote wawili, hasira ile ile, adabu ile ile.

"Ni mimi." Akatoa mkono nyuma.

Ng'ombe alisikika akicheua bandani.

"Mae!" alisema Mama Denis. "Na mizizi yake!"

Mzee Leonce alimsogelea. "Nani amekutuma? Huyu mama?"

"Hapana, mzee. Ni podikasti."

"Huyo ni wa ukoo gani?"

Kwenye migomba mtu alipaliwa na chai.

"Si mtu, baba," Aika alisema taratibu. "Ni vipindi vya kwenye simu."

"Nimezaliwa huko chini kwenye mashamba ya miwa," Ezra alisema. "Baba alitoka Singida akaja kukata miwa. Kwetu mtu akikosea anapeleka kuku. Nikasikia huku mnapeleka isale. Sikujua ni mpaka."

"Bora ungeleta huyo kuku," alisema Mama Denis.

Ezra akapiga magoti kwenye tope, suruali ya kaki ikaaga dunia. Akainua isale kwa mikono miwili.

"Nililichukua nimpelekee Aika, kwa sababu nilimkosea. Sasa nimewakosea ninyi, na nimewagombanisha. Yeye atasubiri. Naomba lianze kwenu."

Mzee Leonce haraka akaweka mikono nyuma.

"Leonce," alisema Mama Denis. "Toa mikono."

"Sijasema nakataa. Nafikiri."

"Isale halifikiriwi. Toa mikono."

Wakalipokea pamoja, mikono minne kwenye shina moja, na kwa muda hakuna aliyejua nani aanze kuachia. Mama Denis ndiye aliyecheka kwanza.

Wakalirudisha ardhini wao wenyewe. Mzee Leonce alisema lilikuwa huku kidogo, Mama Denis akasema lilikuwa kule kidogo. Aika akasema shimo si lipo, wakakubali kwa shingo upande. Majirani wakatawanyika, yule wa chai wa mwisho.

Aika akabaki na Ezra kando ya mstari wa masale.

"Na langu liko wapi?"

Ezra akatazama isale lililosimama tena mahali pake, limeinama kidogo. "Nimebaki mikono mitupu."

"Mitupu na michafu."

"Aika, kipindi nilikifuta. Najua hakikurudi kilikotoka. Nilisikia maneno mazuri, nikasahau yana mwenyewe."

Aika alikuwa anajikwangua utomvu kwenye vidole. "Jumatano nilishuka kwa shangazi. Nilipeleka kitenge, nikapiga magoti, kama nilivyopanga. Alininunia tangu saa tatu mpaka saa sita."

"Halafu?"

"Halafu akaniuliza nitanunua cherehani ya aina gani. Akasema niliyoitaja ni takataka." Mdomo wake ulitaka kutabasamu, akaubana. "Bado anaumia. Na mimi bado naumia. Ungeniuliza tu, mwalimu. 'Aika, naweza?' Basi. Ningekataa, tungekunywa soda."

Alikuwa amemwita mwalimu. Ezra alilisikia, asiliguse.

"Aika!" Sauti ya mama yake ilitoka jikoni. "Machalari yanapoa! Na huyo mng'oa masale amekula?"

Mzee Leonce na Mama Denis walishafika mlangoni, wananawishana maji, wameanza kubishana ndizi za nani zinaiva laini. Wakaingia. Harufu ya nyama na ndizi ikatoka kuwapokea waliobaki nje. Aika akatangulia, akavuka kizingiti, akageuka.

Ezra alikuwa amesimama chini ya ngazi, hajanyanyua mguu.

"Unasubiri nini?"

"Aika," alisema. "Naweza?"

Akamtazama: shati jeupe lenye alama ya udongo kifuani, magoti mekundu, mikono ameishika mbele kama mtu aliyeitwa ofisini. Alimtazama mpaka mama yake akaita tena.

"Vua hivyo viatu," alisema Aika, akichukua kata ya maji. "Lete mikono nikunawishe. Karibu ndani, ule."