Maji ya Kichwani Hayataki Haraka

Sinki likiziba, anaitwa Fundi. Tangi likivuja, Fundi. Kwa hiyo binti yake mchanga, Kibibi, alipowekewa mrija wa kupunguza maji yaliyojaa kichwani, Fundi alirudi nyumbani kifua mbele. Mambo ya mrija nani angemfundisha?

Hospitali walisema mtoto alazwe chali, kisha ainuliwe kidogo kidogo kadiri watakavyoelekezwa. Mkewe alimkumbusha. Fundi akacheka. Akili za kuambiwa changanya na za kwako, alisema, maji hayapandi mlima. Akamkalisha Kibibi kwa mito tangu asubuhi hadi jioni ili maji yashuke upesi.

Na kweli yalishuka. Utosi uliokuwa umevimba ulitulia, kisha ukabonyea. Fundi alifurahi. Lakini mtoto akaanza kutapika. Akalala kupita kiasi, hata ziwa akalikataa. Fundi akachanganyikiwa. Maji yamepungua, ugonjwa umezidi. Hesabu gani hii? Mama mkwe alisema waache mtoto apumzike. Mkewe alikuwa analia tu. Fundi hakujua amsikilize nani.

Mwishowe akabisha hodi kwa jirani yao, muuguzi. Muuguzi aligusa utosi, akamwita mtoto. Kibibi hakufumbua macho.

"Mlimkalisha?"

"Ili maji yashuke, dada."

"Yameshuka kwa pupa, shemeji. Ubongo umesinyaa ghafla, ukajitenga na fuvu. Hapo katikati kuna mishipa midogo ya damu. Ikivutwa, inakatika. Huenda anavuja damu ndani."

"Mbona damu siioni?"

"Hutaiona. Twende hospitali sasa hivi."

Picha ya kichwa ilionyesha damu. Daktari aliitoa, akarekebisha mrija ili maji yapite polepole. Akawaeleza dalili za kumrudisha mtoto mbio: kutapika, usingizi mzito, degedege, homa, utosi kubonyea au kuvimba. Wasingoje kuona damu. Fundi alisikiliza kila neno. Aliogopa kwamba amemuua mwanawe kwa mikono yake. Hofu hiyo haikumwachia mpaka Kibibi alipofumbua macho na kulilia ziwa.

Siku waliyorudi nyumbani, mama mkwe alitaka kumpakata mjukuu wima. Fundi akamzuia.

"Mlaze, mama. Kumwinua tutaambiwa na daktari."

"Kwani wewe si fundi?"

"Wa masinki, mama."