Hakama ya Thiago

Siku ya mnada wa mifugo Garissa, kijana mmoja alimpokonya Kathure simu akatimua mbio. Hakufika mbali. Kathure, mwalimu aliyevaa gauni la samawati na raba nyeupe, alimkamata kifundo cha mkono, akamzungusha, akamlaza kwenye vumbi la mbuzi.

"Dada, ningekuwa mwizi ningeacha kazi leo," alisema Mwenda, muuza dawa za mifugo.

"Na wewe unacheka tu badala ya kusaidia?"

"Nisaidie nani, wewe au yeye?"

Kathure alicheka mpaka akashika mbavu. Wote wawili watu wa Meru, ugenini; mapenzi hayakukawia. Aikido, sanaa ya Kijapani ya kujihami, Kathure alijifunza chuoni, na ndoto yake ilikuwa kwenda Japani kuisomea hasa, arudi kuwafundisha wasichana wa Garissa. Nafasi ilipopatikana, Mwenda alimsindikiza kwa tabasamu huku moyo ukimuuma.

Mchana mmoja, Japani ikiwa jioni, walipigiana simu ya video. Kathure alikuwa amepiga magoti ukumbini, akikunja polepole sketi pana nyeusi, marinda yakilala moja juu ya jingine.

"Nguo gani hiyo, mpenzi?"

"Hakama. Ya Thiago."

"Thiago ndiye nani?"

"Mbrazili. Mkubwa wangu hapa." Nyuma yake mwanamume alicheka, kifua wazi.

Mwenda aliona giza. Kwao, mwanamke humkunjia nguo hivyo mumewe. "Basi endelea kumhudumia mumeo!"

"Umesema nini?"

"Umesikia."

Kathure alikata simu, na hakupiga tena. Mwenda alikonda kwa wivu. Wateja walimwomba dawa ya minyoo, akawapa ya kupe.

Abshiro, aliyeuza maziwa ya ngamia kando ya duka lake, alichoka kumtazama. "Walaahi, Mwenda, wewe wifu itakuua. Bwana yangu iko mbali, Kutulo, na ngamia. Mimi nikianza wifu, nitauza maziwa saa ngabi? Mbigie, muulize!"

Alipiga. Kathure alipokea bila salamu.

"Kathure wangu, nimekosa. Nieleze ile nguo."

"Leo ndiyo unauliza! Hapa mdogo humkunjia mkubwa wake hakama baada ya mazoezi. Ni heshima kwa anayekufundisha. Yangu hukunjwa na Mjerumani aliyeanza juzi, mzee kuliko baba. Naye ni mume wangu?"

Mwenda aliona haya.

"Sasa nisikilize," Kathure aliendelea. "Nikirudi, kazi yangu ni hii. Nitashikwa na wanaume mikono na kola, nami nitawashika. Kama huwezi kuvumilia, tuachane leo, nilie mara moja."

Mwenda alijijua, na hakutaka kumdanganya.

"Wivu siahidi kwamba utaisha," alisema. "Naahidi nitauliza kabla ya kutukana. Nakupenda, Kathure. Nataka kukuoa. Wazee wangu waende kwenu?"

Mwenda akamsikia akipenga kamasi.

"Wasubiri nirudi, mjinga wewe. Nataka niwepo."

"Asante, mpenzi. Lakini... na yule Thiago umwambie una mtu."

"Nilimwambia siku niliyofika," alisema Kathure.