Kilima Kilichokonyeza

Fundi cherehani alikuwa anashona sare za shule, lakini macho yake yalikuwa dirishani. Mumewe, mkata mawe, hakurudi jana. Simu yake haipatikani. Wenzake walimtafuta machimboni mpaka sauti zikawakauka. Hawakumpata.

Ghafla kilima cha ng'ambo ya bonde kikakonyeza.

Ilikuwa nuru nyeupe, kali kama jicho. Ikawaka mara tatu. Ikazimika. Mara tatu tena.

"Mama, njoo uone!"

Mama mkwe alichungulia, akarudi nyuma. "Kule haishi mtu. Huyo ni mwanangu, anatuaga. Usiitazame, itakuchukua na wewe!" Akabamiza dirisha.

Chumba kikawa giza. Kwenye ufa wa mbao, ile nuru iliendelea kukonyeza.

"Hodi! Mnajifungia mchana, mmeua mtu?"

Alikuwa jirani yao, mwanamke aliyestaafu kazi ya ulinzi wa msitu. Mtaa mzima ulimwita Redio, maana habari hazilali kwake. Alitazama ufani. Akahesabu kwa vidole.

"Shoga," akasema hatimaye, "maiti hahesabu. Mara tatu, kimya, mara tatu: huyo anaomba msaada. Anaturushia mwanga wa jua kwa kioo au bati. Sisi msituni tuliitana hivyo, kilima kwa kilima. Lete kioo! Jua likizama tumempoteza."

Wakatoka nje.

"Shika kioo karibu na jicho. Nyoosha mkono wa pili. Tanua vidole viwili, kilima kikae katikati. Sasa mulika vidole vyako. Hapohapo! Kitikise kidogo."

Fundi akatikisa. Kilima kikazimika kabisa.

"Amekufa," mama mkwe akanong'ona.

"Mama, subiri! Labda anatutazama."

Kisha nuru ikawaka. Mara hii haikukatika.

Vijana walipanda wakiifuata. Jua lilizama kabla hawajafika. Alikuwa amekwenda kutafuta mwamba mpya; walimkuta mguu umebanwa na jiwe, midomo imepasuka kwa kiu. Mkono wake ulikuwa bado unageuzageuza kifuniko cha bakuli la bati, gizani.

Mguu ulipona. Siku hizi kila mkata mawe hubeba kioo mfukoni, na nyumbani wanajua kujibu. Mchana humulika mara moja: tu wazima.

Mama mkwe husema haogopi tena. Hata hivyo, kilima kikikonyeza, huuliza kwanza kwa sauti ya chini:

"Ni wewe, mwanangu?"

Ndipo huchukua kioo.