Salamu Iliyofungua Daftari

Kila Jumatano baada ya vipindi, Kokugonza, msichana wa kidato cha pili kule Kishanda, alikuwa wa kwanza kuingia chumba cha kompyuta. Humo ndimo alimoleta programu ya maktaba aliyoitunga na marehemu kaka yake, Kyaruzi. Ilikuwa na sehemu mbili ndani ya kompyuta moja: moja ilipokea majina ya wanaoazima vitabu, nyingine iliandika daftari. Kwenye kompyuta ya Kyaruzi, iliyotumia Linux, sehemu hizo ziliongea kupitia faili ambalo mwenye kompyuta tu aliweza kulifungua. Kompyuta za shule zilitumia Windows, na huko programu iligoma.

Dastan, kiongozi wa klabu ya kompyuta, akazifanya ziongee kupitia mtandao wa chumba, na programu ikakubali. Kisha akafuta jina la Kyaruzi, akaweka lake, akateuliwa kwenda kuionyesha kwenye maonyesho ya shule mjini Bukoba.

“Ya kaka yako ilikufa naye,” alimwambia Kokugonza mbele ya wenzao.

Kokugonza alirudi kwenye kompyuta. Aliisoma programu mstari kwa mstari mpaka akaona kosa. Sehemu ya daftari ilimtamkia kila aliyeingia “Mpola”, ikampokea yeyote aliyejibu “Mpola waitu”, salamu ambayo kila mtoto wa Kihaya anaijua. Tena mlango wa mtandao aliouweka Dastan ulikuwa wazi kwa kompyuta zote za chumba.

Alikaa kwenye kompyuta ya pembeni, akaitikia salamu, akapokelewa kama mwenyeji. Akaandika daftarini kwamba Dastan ana vitabu arobaini, hajarudisha hata kimoja.

Mwalimu Evelyne, msimamizi wa klabu, alipolisoma daftari, Dastan aliondolewa kwenye safari, akaagizwa alete mzazi. Siku hiyo maharage ya shule yalimshuka Kokugonza kama asali.

Kesho yake mama yake Dastan alifika kutoka Kimwani, akapiga magoti mbele ya Mwalimu Evelyne.

“Mwalimu waitu, nimepekua nyumba nzima, hadi magunia ya kahawa. Nimepata hivi viwili tu, vya dada yake. Mwanangu si mwizi.”

Kokugonza, aliyesimama mlangoni, alitaka kumwona Dastan akipiga magoti. Si mama huyu.

“Ni mimi, Mwalimu,” akasema.

Yakatoka yote, hata jina lililofutwa. Mwalimu aliwapa adhabu ya kupanga rafu za maktaba pamoja na kuitengeneza programu. Waliufunga mlango usisikilize kompyuta nyingine yoyote, na mahali pa salamu wakaweka neno la siri linalojulikana na sehemu hizo mbili tu, linalobadilika kila programu inapowashwa. Ikafanya kazi kwenye Windows, ikafanya kazi kwenye kompyuta ya Kyaruzi.

“Sijakusamehe,” Kokugonza alimwambia.

“Najua,” Dastan akajibu, akiandika jina la Kyaruzi juu ya majina yao wawili.

Mwalimu Evelyne aliwatazama wote wawili. “Dastan, uliiba kazi ya marehemu, halafu ukaiacha nyumba wazi. Hayo ni makosa yako. Lakini wewe Kokugonza, mlango wazi haukukualika. Ungeniletea kosa lile mkononi, ungeshinda siku ileile, na mama wa mtu asingepiga magoti.”