Kibuyu cha Mama Yake Alois

Jumanne, tarehe tano Novemba, mwaka 1974, saa kumi na nusu alasiri. Kabla ya saa hiyo Mabruki, fundi magari wa Mtendeni, aliamini kuwa oili ina njia mbili tu za kutoka kwenye injini. Ama inavuja, ama inaungua.

Saa hiyo Alois aliingia na Landrova ya kijiji cha ujamaa, kijiji kipya njia ya Sikonge.

"Shikamoo, Mzee Mabruki. Inakunywa oili. Galoni nzima ya kuazima tangu asubuhi."

"Marahaba. Galoni! Hata mlevi wa kangara hupumzika akatema mate."

Alois hakucheka. Mkewe Josepha alikuwa na uchungu wa kuzaa tangu jana, mtoto amekaa vibaya, na gari la kumleta hospitali ni hilo moja tu.

"Sikuthubutu kumpakia," alisema. "Likinizimikia porini naye yumo ndani..."

Mabruki alikuwa amemzika mkewe, Mwanahawa, mwezi uliopita. Alisema bismillahi, akatandaza gunia jeupe chini ya injini.

Gunia likabaki jeupe.

Akamwambia Alois apige resi, yeye akachutama nyuma kutafuta moshi wa buluu, ule wa ringi zilizokwisha. Hakuna moshi. Akafungua plagi. Kavu zote. Akazirudisha, akamimina nusu galoni, akapima kwa kijiti cha oili: imejaa. Injini ikanguruma dakika moja, ikazimwa. Akapima tena.

Kijiti kikavu.

Kisha, injini ikiwa imezimwa, kitu ndani yake kilimeza. Taratibu... kama koo la mgonjwa.

"Umesikia?" alinong'ona Alois.

Mabruki alifungua nati za mfuniko wa valvu. Harufu ikamrudisha nyuma hatua mbili. Ilikuwa ya mafuta ya nyonyo yaliyochacha, na chini yake ile nyingine, tamu, nzito, inayonata kwenye ulimi. Aliijua. Aliwahi kufukua maiti ya mtu aliyeangukiwa na kisima.

Chini ya mfuniko kulikuwa na utando wa kahawia, mzito kama makamasi. Ulikuwa vuguvugu, ukitikisika. Alipouvuta kwa bisibisi ulikuja na nywele. Nyeupe. Ndefu. Zimejizungusha kwenye springi za valvu, na mizizi yake imeshika vipande vya ngozi, laini kama maganda ya nyanya zilizochemshwa.

Mabruki alitapika kando ya gurudumu.

"Umetia nini humu, Alois?"

Alois alitazama chini. "Kibuyu cha mama."

Kwao, mtu akifa, huwekewa kibuyu cha mafuta ya nyonyo kaburini, upande wa kichwa, apate kujipaka huko aliko. Operesheni ya ujamaa ilipowahamisha, makaburi yalibaki kwenye mahame ya kijiji cha zamani. Jana oili ilimwishia hapo hapo, penye kaburi la mama yake, na dukani oili hakuna wiki ya tatu.

"Mimi Mkristo, Mzee. Nilisema wafu hawajipaki. Nikakifukua, nikamimina yote."

"Hukumwomba?"

"Nimwombe maiti?"

"Basi sasa anajipaka yako."

Mabruki alikwangua kila kitu. Aliosha kwa mafuta ya taa, akajaza oili yake ya mwisho. Utando na nywele alivitia kwenye kopo, hata vile vilivyomganda chini ya kucha. "Cha mtu kirudi kwa mwenyewe," alisema, akapanda kiti cha pembeni.

Jua lilikuwa linagusa miti ya miombo walipofika mahame. Alois alipiga magoti, akafukia kopo mahali pa kibuyu.

"Mayu, mama yangu," alisema kwa sauti ndogo, "nisamehe."

Mabruki alipima kijiti. Oili imejaa. Hata tone halikupungua.

"Alhamdulillahi. Twende tukamchukue."

Kijijini, mkunga Apolinaria alikuwa amesimama mlangoni, mikono kaiinua mbali na nguo yake. Ilikuwa myeusi hadi viwiko.

"Alois, mbona umemtanguliza bibi peke yake?"

"Bibi gani?"

"Yule asiye na nywele. Kasema ni mama yako, kaja kumkanda mkwewe tumbo... Nilimpisha. Nilidhani ana mafuta ya nyonyo."

Mabruki alinusa kabla hajaona.

Josepha alilala mkekani, aking'aa tangu utosini hadi nyayoni. Oili ya injini. Imejaa kitovu, imejaa masikio, inamtoka puani na mdomoni kwa uzi mweusi usiokatika. Hapumui.

Kando yake, kwenye kipande cha kanga, mtoto alikuwa akilia. Mzima. Mweusi wa oili, anateleza mikononi mwa babake aliyemwinua. Ngumi yake ndogo ilikuwa imefumbata unywele mmoja mweupe, na Alois alipojaribu kuutoa, mtoto aliuvuta mdomoni akaunyonya, akanyamaza.

Bibi yule alikuja kusaidia, au kulipiza? Mabruki hakujua siku ile, na hajui mpaka leo. Anajua tu kwamba oili haikuvuja, wala haikuungua.

Alitoka nje, akasugua mikono kwa mchanga mpaka ikachubuka, harufu isitoke. Akaielekeza kibla hivyo hivyo, michafu.

"Ewe Mola, mrehemu Josepha. Mrehemu mama yake Alois, na Mwanahawa wangu. Wape huko kila wanachohitaji, Ewe Mwenye kutoa, wasije wakakitafuta kwetu. Amina."