Saa ya Upepo na Upande wa Kushoto

Kila Jumamosi, baada ya kufua sare zake za shule na kuzianika, Chiriku alifuatana na babu yake hadi kwenye gati. Chiriku halikuwa jina lake la darasani. Alipewa na babu mwenyewe, kwa sababu tangu alipojua kusema hakupata kunyamaza. Hata usingizini alisikika akibishana na mtu. Sasa alikuwa msichana wa darasa la sita, na hakuna nyumbani aliyekumbuka kumwita vinginevyo.

Babu alikuwa fundi saa mstaafu. Kwa miaka mingi aliinama juu ya meza yenye taa kali, lenzi ndogo imebanwa jichoni, akizirudishia uhai saa ambazo wenyewe walikwisha kuzikatia tamaa. Alipostaafu alijinunulia yoti ndogo ya mbao, yenye mlingoti mmoja, matanga mawili na chumba cha chini kinachotosha vitanda viwili na jiko. Hakuhitaji chombo chochote kumwambia upepo unatoka wapi. Aligeuza uso huku na huku mpaka mashavu yote mawili yakaguswa sawasawa, kisha akasema, “Huyu hapa,” kana kwamba anamzungumzia mgeni aliyebisha hodi.

Kisha akapatwa na kiharusi. Alilazwa hospitali, na kwa siku kadhaa nyumba nzima ilizungumza kwa sauti ya chini. Aliporudi akitembea kwa miguu yake mwenyewe, mama yake Chiriku alijifungia jikoni akalia kwa furaha. Mkono ulipata nguvu, ulimi ukanyooka, utani ukarudi. Kitu kimoja tu alikilalamikia waziwazi: shavu lake la kushoto lilikuwa limekufa ganzi.

“Nusu ya uso wangu imegoma,” alisema. “Nitamsikiaje upepo kwa shavu moja?”

Mama alifanya kazi ya ufundi umeme. Mwisho wa mwezi alirudi nyumbani na boksi, akaliweka mapajani mwa baba yake. Ndani mlikuwa na kipima upepo chenye bawa jepesi kama unyoya, waya mrefu, na kioo cha duara chenye mshale.

“Hii itakuwa shavu lako, baba,” alisema.

Babu aliligeuzageuza duara lile kwa vidole vya fundi. “Ni saa,” alisema hatimaye. “Saa ya upepo. Ahsante, mwanangu. Mungu akuweke.”

Jumamosi iliyofuata walikwenda wote kuifunga, pamoja na mdogo wake Chiriku, mwenye miaka minane, ambaye aliitwa Mheshimiwa kwa sababu alipenda kuamuru kazi kuliko kuifanya.

Mama alijifunga kwenye kiti cha kamba, akavutwa hadi kileleni mwa mlingoti. Huko alikifunga kipima upepo kwa skrubu nne, na Chiriku, akiwa amesimama chini katikati ya mashua, akamwelekeza. “Kulia kidogo, mama! Kidogo tena! Hapohapo!” Kazi hiyo ilitaka uangalifu, maana kipima kisipotazama sawasawa mbele ya mashua, kila kitakachoonyeshwa baadaye kitakuwa cha uongo. Waya ukateremshwa ndani ya mlingoti, ukapita chini ya sakafu, ukatokea karibu na usukani. Mama alitoboa tundu la duara kwenye ubao, akapaka gundi ya kuzuia maji, akaliweka duara la kioo mahali pake.

“Mheshimiwa, nipe bisibisi.”

“Chiriku, mpe mama bisibisi,” aliamuru Mheshimiwa, na wote wakacheka.

Mama aliunganisha waya kwenye betri, mshale ukatikisika, ukaanza kutembea. Aliwaeleza watoto jinsi ya kuusoma. Juu kabisa ya duara ni mbele ya mashua, na chini kabisa ni nyuma. Mshale huonyesha upepo unatoka upande gani: ukiwa kwenye nusu ya kijani, unatoka kulia, ukiwa kwenye nusu nyekundu, unatoka kushoto. “Jambo la kuogopa,” alisema, “ni upepo wa nyuma kuhama kutoka upande mmoja kwenda wa pili bila nahodha kutambua. Tanga hurushwa upande mwingine kwa kishindo, pamoja na ile boriti nzito iliyolala chini yake. Kichwa cha mtu hakishindani na boriti.”

Kisha alishuka chumbani kufunga fyuzi. Babu alikaa kwenye usukani, akalitazama duara.

“Mwanangu!” aliita. “Saa yako haina mshale.”

Chiriku aliinama kutazama. Mshale ulikuwepo, mweusi na mnene, katikati ya nusu nyekundu. “Si huu hapa, babu?”

“Wapi?” Mara upepo ukageuka, mshale ukavuka kwenda upande wa kijani. “Aa, huyu hapa! Miwani yangu hii, inahitaji kufutwa.” Akacheka.

Chiriku hakucheka. Alikumbuka jinsi babu alivyokuwa akiacha chakula upande mmoja wa sahani na kusema ameshiba, na jinsi alivyojigonga bega kwenye fremu ya mlango, siku zote bega lilelile. Alisogea akasimama kushoto kwake, karibu kabisa, akanyoosha vidole vitatu.

“Babu, vidole vingapi?”

Babu aliivua miwani yake, akaifuta. Halafu akasema polepole, bila kumtazama, “Tangu nitoke hospitali, upande wa kushoto haupo. Si giza. Ni kama ukurasa uliochanwa nusu; unasoma mpaka ukingoni, basi. Usimwambie mama yako.”

“Lakini babu, daktari—”

“Daktari atanikataza usukani. Mama yako ataiuza mashua hii ndani ya wiki. Nimebakiwa na nini kingine, mjukuu wangu? Kesho tunatoka. Nitazoea. Niahidi.”

Chiriku, ambaye hakuwahi kunyimwa kitu na babu yake, aliahidi. Jioni ile hakuzungumza kabisa, mpaka mama akampima homa kwa kiganja.

Kesho yake upepo ulikuwa wa kutosha na maji yalikuwa tulivu. Wote walivaa jaketi za kuelea, wakafungua kamba. Babu alikuwa mwenye furaha kama mtu aliyerudishiwa ufunguo wa nyumba yake. Walipokwenda huku upepo ukitoka kulia, alisoma mshale kwa ufasaha na kuusifu. “Tazama hii kazi! Mwanangu, hata mimi katika ujana wangu nisingefunga vizuri hivi.”

Waliporudi, upepo ulikuwa nyuma yao, kulia kidogo, na tanga kubwa lilikuwa limeachiwa mbali upande wa kushoto. Chiriku aliukazia macho mshale. Uliteremka kwenye kijani, ukateremka tena, ukafika chini kabisa. Kisha, taratibu, ukavuka.

“Babu, mshale uko kwenye nyekundu!”

“Uko wapi?” Babu alikuwa akilitafuta duara kwa macho. “Siuoni! Uko wapi?”

“Vichwa chini!” alipiga kelele mama.

Boriti ilipita juu yao kwa mvumo, tanga likapasua hewa kama mlango uliobamizwa, mashua yote ikalala ubavu. Mheshimiwa alikuwa ameinama nusu tu. Boriti ilichukua kofia yake, si kichwa chake, na kofia ikaenda majini.

“Kofia yangu!” alisema, na hapo ndipo uso wake ulipobadilika, akaanza kulia.

Mama alishika usukani, akairudisha mashua gatini. Walipokwisha kufunga kamba, alikaa kwenye ubao. “Kosa ni langu,” alisema. “Nimefunga vibaya. Huenda waya umelegea, mshale unapotea. Nimemkabidhi baba yangu chombo kibovu na watoto wakiwa ndani. Kiti kiko wapi? Napanda tena juu.”

Alianza kujifunga kamba za kiti kiunoni. Chiriku alimtazama babu. Babu alitazama maji. Msichana aliikumbuka ahadi yake, lakini aliona pia mama yake anajiandaa kupanda mlingoti akatafute kosa ambalo halikuwa huko juu.

“Mama, usipande. Umefunga vizuri. Mshale ulikuwepo. Babu haoni upande wa kushoto. Alijua, na mimi nilijua tangu jana. Nilimwahidi kunyamaza.”

Kamba ilimponyoka mama mkononi. “Ni kweli, baba?”

Babu alikuwa akimtazama Mheshimiwa, ambaye bado alishika kichwa chake kisicho na kofia. “Ni kweli,” alisema.

Njia nzima hakuzungumza na Chiriku, na wakati wa kulala hakumtakia usiku mwema. Kwa msichana yule, kimya hicho kilikuwa kizito kuliko karipio lolote. Aliamini amempoteza babu yake.

Asubuhi mama alimpeleka babu hospitali, na babu akamwashiria Chiriku awafuate. Mtaalamu wa macho, mwanamama mwenye sauti ya upole, alimketisha babu mbele ya mashine yenye nuru ndogondogo. Alipomaliza alieleza kwamba macho yenyewe yalikuwa mazima. Sehemu ya ubongo inayopokea picha za upande wa kushoto ndiyo iliyojeruhiwa.

“Kwa nini hukutuambia, mzee wangu?”

“Niliogopa mngeninyang'anya kila kitu.”

“Kwa kutuficha umejinyang'anya miezi ya matibabu,” alisema mtaalamu, bila ukali. “Siwezi kukuahidi kwamba upande huo utarudi wote. Lakini unaweza kufundishwa kuutafuta.” Alichukua gazeti, akabandika utepe wa rangi kali kwenye ukingo wa kushoto. “Usianze kusoma mpaka umeuona utepe. Geuza kichwa, si macho tu. Ukiuona, ujue umefika mwanzo wa mstari, hakuna ulichokiacha. Na kuhusu mashua: usukani usiushike ukiwa peke yako, wala usiushike kabla sijakuruhusu. Siku hiyo ikifika, kushoto kwako akae mtu mzima mwenye macho mazima. Umenielewa?”

“Nimekuelewa, mwanangu. Nakushukuru.”

Wakiwa nje kwenye ngazi za hospitali, babu alisimama. Aligeuza kichwa kushoto, polepole, mpaka akampata Chiriku.

“Jana nilikukasirikia,” alisema. “Si kwa sababu ulikosea. Ni kwa sababu mtoto alikuwa na ujasiri nilioukosa mimi, na jambo hilo halikunikalia vizuri. Nisamehe.”

Chiriku alimshika mkono wa kushoto, wakashuka pamoja.

Mazoezi yalikuwa marefu na ya kuchosha. Babu alisoma magazeti kwa utepe, alitafuta vijiko vilivyofichwa kushoto kwa sahani, na alimkaripia Mheshimiwa, aliyejifanya mwalimu mkuu na kumpa maksi. Siku nyingine alitupa gazeti chini, akasema ameshindwa. Kesho yake aliliokota. Chiriku alikaa karibu yake, akipima kila neno kabla ya kulisema. Ilipopita miezi kadhaa, mtaalamu alimpima upya, akaridhika na kumruhusu kushika usukani.

Walirudi kwenye mashua. Babu alikata kipande chembamba cha utepe wa njano, akakibandika kwa mkono wa fundi saa kwenye ukingo wa kushoto wa duara. Mama alikaa kushoto kwake. Chiriku na Mheshimiwa walikaa mbele, chini ya kimo cha boriti.

Upepo ulikuja nyuma yao. Babu aligeuza kichwa, akautafuta utepe, akaanza kusoma kutoka hapo. Mshale uliteremka kwenye kijani. Ukafika chini.

“Unavuka kwenda nyekundu,” alisema babu kabla ya mtu yeyote. “Nauona. Vichwa chini, nageuza!”

Mama alilivuta tanga katikati, kisha akaliachia lipite upande wa pili taratibu kama pazia. Halafu akamkumbatia baba yake begani, akaficha uso.

Gatini, wakikunja matanga, babu aliwaita wajukuu wake wawili.

“Sikilizeni. Mtu akiugua, aseme. Maradhi yanayofichwa hayamdhuru mgonjwa peke yake. Yangeweza kumchukua Mheshimiwa huyu, na nisingeishi kwa amani hata siku moja baada ya hapo. Na mtu umpendaye akikuomba umfichie jambo la hatari, usidhani kunyamaza ni heshima. Chiriku alivunja ahadi aliyonipa, na kwa kuivunja akaniachia familia yangu na usukani wangu. Nina watu wengi wa kuwashukuru leo: mama yenu, yule mtaalamu wa hospitalini. Lakini naanza na huyu.”

Akamgeukia Chiriku.

“Ahsante, mama. Haya, sema. Siku nyingi hujanipigia kelele.”

Na Chiriku akaanza kusema, na hakunyamaza mpaka walipofika nyumbani.